Dawa za puani kwa ajili ya ubongo: tone limetua wapi?

Wazee wanaonusa ugoro hawatii magadi kwa ajili ya ladha. Tumbaku iliyosagwa peke yake huchelewa, lakini ikichanganywa na magadi hupanda kichwani kabla mtu hajafunga kopo lake. Nikotini ikiwa kwenye tindikali hubeba chaji ya umeme, na chembe yenye chaji hupita kwa shida kwenye utando wa seli, ambao umejengwa kwa mafuta. Magadi huua ile tindikali, chaji inaondoka, nikotini inapenya utando wa pua na kuingia kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye ubongo. Hakuna neva iliyoibeba. Pua ilikuwa mlango wa damu tu.

Nimeanza na ugoro kwa sababu habari nyingi zinazoandikwa kuhusu dawa za kupuliza puani na ubongo zinachanganya mambo mawili tofauti. Lipo jambo la dawa kupita puani, kuingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo kama dawa nyingine yoyote. Hilo limethibitishwa, linaokoa maisha, na kwetu bado halijatumiwa inavyostahili. Lipo pia jambo la dawa kuikwepa damu kabisa na kupanda na neva kutoka paa la pua hadi ndani ya fuvu. Hilo linavutia zaidi kulisimulia, lakini ushahidi wake kwa binadamu bado ni mwembamba. Sifa za la kwanza zikipewa la pili, tunasubiri muujiza wa ugonjwa wa kusahau huku mtoto mwenye degedege akitafutiwa mshipa kwa dakika kumi.

Kwanza, kwa nini ubongo unahitaji njia ya pembeni? Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama, akaona viungo karibu vyote vimeshika rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1913 Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi naye, aliligeuza jaribio: akaitia rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi huku mwili ukibaki ulivyo. Leo tunajua sababu. Seli za kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshonwa pamoja bila mwanya, na zina pampu zinazorudisha kwenye damu vitu vingi vinavyojaribu kupenya. Kinachopita kirahisi ni molekuli ndogo, chini ya daltoni 400 hadi 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), tena inayoyeyuka kwenye mafuta.

Weka namba hizo kichwani, halafu tazama dawa zenyewe. Nikotini ina daltoni 162, esketamini ya sonona 238, midazolamu ya kifafa 326, na naloksoni, inayomrudisha aliyezidiwa na heroini, 327. Zote hizi zikishaingia kwenye damu hupita kizuizi cha ubongo bila msaada wa mtu. Insulini ina daltoni kama 5,800, na kingamwili zinazotengenezwa maabara kwa ajili ya magonjwa ya ubongo hufika 150,000. Hizi ndizo zinazohitaji njia ya neva, ikiwa kweli ipo kwa kiasi cha kufaa. Mtu akikwambia dawa fulani ya puani "inaenda moja kwa moja kwenye ubongo", swali la kwanza la kumuuliza ni uzito wa molekuli yake. Kama ni midazolamu, hakuna haja ya kutafuta njia ya siri.

Orodha ya dawa zilizoidhinishwa Marekani inathibitisha hivyo. Naloksoni ya puani ya miligramu 4 ilipata kibali Novemba 2015, ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari Machi 2023. Esketamini ya sonona, inayouzwa kwa jina Spravato, ilipita Machi 2019, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi saa 2 baada ya kuipuliza. Midazolamu ya kifafa, Nayzilam, ilipita Mei 2019. Diazepamu ya puani, Valtoco, Januari 2020. Zavegepanti ya kipandauso, Machi 2023. Zote hufanya kazi kwa kunyonywa na damu ya puani. Faida zake ni kwamba hazipiti kwanza kwenye ini, hazihitaji sindano, na huanza kazi ndani ya dakika chache. Faida hizo zinatosha. Hazihitaji kupambwa kwa hadithi ya neva.

Sasa tuingie puani kwenyewe, maana mambo huharibikia humo. Baada ya mianzi ya pua kuna mlango mwembamba kuliko sehemu yote ya njia ya hewa, na tone kubwa likigonga hapo limeishia hapo. Ukivuka, unakuta ukuta wenye matuta matatu kila upande, yaliyojaa mishipa ya damu. Hapa ndipo dawa inayolenga damu inapopaswa kutua. Juu kabisa, kwenye paa, nyuma ya mahali miwani inapokaa, kuna kipande kidogo cha utando wa kunusa. Nyuzi za neva ya kunusa hutoka hapo na kupenya kwenye mfupa wenye matundu madogo kama ya chekecheke, kisha zinaingia kwenye fuvu. Ni mahali pekee mwilini ambapo neva za ubongo zinagusana na hewa ya nje. Neva ya tano ya kichwa nayo inatandaza matawi yake puani, na yenyewe huishia kwenye shina la ubongo. Dawa inaweza kusafiri ndani ya neva hizi, safari ya saa nyingi hadi siku kadhaa, au pembeni mwake, katikati ya neva na ala yake, kwa dakika.

Njia hiyo ipo. Lakini utando wa kunusa wa binadamu ni asilimia chache tu ya eneo lote la pua, ambalo ni kama sentimita za mraba 150. Kwa panya, utando huo ni karibu nusu ya pua. Tena panya wa maabara hulazwa chali akiwa amepewa nusukaputi, akadondoshewa matone taratibu kwa nusu saa. Hapigi chafya, hamezi. Matokeo ya aina hiyo ndiyo msingi wa vichwa vingi vya habari. Hata kwa wanyama wenyewe, kinachopimwa kwenye ubongo mara nyingi hakifiki asilimia 1 ya dozi iliyotiwa puani.

Kwa binadamu kuna vinyweleo vya puani ambavyo havipumziki. Vinasukuma ute kuelekea kooni, na katika dakika 15 hadi 20 nusu ya kilichopulizwa kimeshamezwa. Kipulizaji cha kawaida, kile cha mafua, huacha sehemu kubwa ya dawa mbele ya pua, mbali na paa. Ndiyo maana madaktari wa pua wana mikao ya kichwa. Mmojawapo unaitwa mkao wa Makka: mgonjwa anapiga magoti, anainamisha kichwa hadi chini kama aliye kwenye sijida, kisha matone yanatiwa ili uzito wenyewe uyapeleke kwenye paa la pua. Mkao huo husaidia kweli, lakini ni watu wangapi wenye umri wa miaka 75 na magoti yanayouma watakaa hivyo mara mbili kila siku?

Insulini ndiyo jaribio lenye somo kubwa kuliko yote. Mwaka 2002 kundi la Jan Born nchini Ujerumani lilionyesha kwamba watu wazima wenye afya wakipuliziwa homoni ndogo za protini puani, insulini ikiwemo, homoni hizo huonekana kwenye maji ya uti wa mgongo ndani ya nusu saa bila kupanda sana kwenye damu. Matumaini yakawa makubwa, hasa kwa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Tafiti ndogo zikafuata zenye dalili njema. Hatimaye Suzanne Craft na wenzake wakafanya jaribio lililohitajika: watu 289, uniti 40 za insulini kwa siku, miezi 12, nusu yao wakipewa dawa isiyo na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hayakuonyesha tofauti ya kumbukumbu kati ya makundi mawili.

Watu wengi waliishia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Habari yenyewe iko kwenye kifaa. Jaribio lilianza na kipulizaji kimoja cha umeme, na baada ya washiriki 49 kikaonekana hakiaminiki katika kufanya kazi, kikaachwa. Washiriki 240 waliobaki wakatumia kifaa cha pili, chenye gesi ya kusukuma, na hao ndio waliohesabiwa kwenye jibu kuu. Katika lile kundi dogo la kwanza kulikuwa na dalili kwamba waliopata insulini walishuka polepole zaidi. Watu 49 hawatoshi kuthibitisha lolote, na asiwepo wa kuwauzia wagonjwa insulini kwa ushahidi huo. Lakini angalia tatizo lilivyo: katika jaribio moja, kwa dawa ileile na dozi ileile, vifaa viwili vimetoa picha mbili. Kwa hiyo jibu la "hapana" halituelezi kama insulini haifai au kama haikufika. Fedha nyingi zilitumika, wagonjwa walijitolea mwaka mzima wa maisha ambao hawakuwa na wa ziada, na swali la msingi likabaki wazi kwa sababu ya bomba la kupulizia.

Oksitosini, homoni nyingine ya kupuliza puani, ilipita njia hiyohiyo. Tafiti ndogo zilisema inasaidia watoto wenye usonji kuhusiana na wenzao. Jaribio kubwa la watoto na vijana 290 kwa wiki 24, lililochapishwa mwaka 2021, halikuona faida kuliko dawa isiyo na kitu. Wazazi wengi walikuwa wamesubiri.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila tangazo la dawa ya puani inayodai kutumia neva liulizwe maswali matatu magumu. La kwanza, dawa hiyohiyo ikidungwa kwenye mshipa hadi kiwango chake kwenye damu kilingane na kile cha puani, je, ubongo bado unapata zaidi kwa njia ya pua? Bila ulinganisho huo, kinachoitwa njia ya neva kinaweza kuwa damu tu. La pili ni mahali tone linapotua: dawa inaweza kutiwa alama hafifu ya mionzi na kupigwa picha ndani ya pua ya mtu aliye macho, ikaonekana imetua paa au imetua kooni. La tatu ni kifaa kilichotumika. Dawa na kipulizaji chake vihesabiwe kitu kimoja, na kibali kitolewe kwa vyote viwili kwa pamoja. Kubadilisha kipulizaji ni sawa na kubadilisha dozi.

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini na paa la pua. Njia inayopitisha dawa hupitisha na madhara. Mwaka 1937, polio ilipovamia Toronto, madaktari waliamini virusi vinaingia kwa neva ya kunusa, wakawapulizia watoto takriban 5,000 salfeti ya zinki juu puani ili kuiziba njia. Polio haikuzuilika, na baadhi ya watoto walipoteza uwezo wa kunusa. Uswisi, msimu wa baridi wa 2000 hadi 2001, chanjo ya mafua ya puani iliyochanganywa na sumu ya bakteria kama kichochezi ilifuatiwa na visa vya kupooza uso, ikaondolewa sokoni. Amiba aitwaye Naegleria fowleri naye hupanda kwa neva hiyohiyo kutoka kwenye maji ya uvuguvugu hadi kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini karibu kila anayeupata hufa. Kwa anayesafisha pua kwa maji mara kwa mara, au anayepandisha maji puani kwa ajili ya udhu kutoka kwenye tangi lililokaa juani, maji yaliyochemka kwa dakika 1 kisha yakapoa ni kinga rahisi. Ukiwa kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, yachemke dakika 3.

Tuje nyumbani

Neno degedege halina kisawe kwenye vitabu vya tiba. Linabeba homa, mtikisiko wa mwili, macho yaliyogeuka, na hofu ya kitu kisichoonekana kilichompitia mtoto. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 uliandika jambo ambalo wahudumu wa Pwani wanalijua vizuri: watu wengi waliamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, na hospitali ikaja baadaye. Imani hiyo haikuota hewani. Mtoto aliyecheleweshwa kwa malaria kali, akafika amepoteza fahamu, akachomwa sindano na kufa, ameonekana na kijiji kizima akifa baada ya sindano.

Mtikisiko wa mwili mzima ukizidi dakika 5 hautarajiwi kukoma wenyewe, na ukifika dakika 30 hatari ya kuumia kwa ubongo inakuwa kubwa. Kwenye zahanati nyingi dawa iliyopo ni diazepamu. Kwa mshipa ni miligramu 0.3 kwa kila kilo, kwa njia ya haja kubwa miligramu 0.5 kwa kilo. Mshipa wa mtoto anayetikisika, aliyeishiwa maji, ni kazi hata kwa mkono wenye uzoefu. Njia ya haja kubwa haina uhakika: kinyesi kikiwepo dawa hainyonywi vizuri, na kwa msichana wa miaka 14 aliyeanguka darasani ni aibu ambayo mwalimu hawezi kuithubutu.

Hapa pua inashinda, tena kwa njia ya damu. Mwaka 2000 watafiti wa Israeli walilinganisha midazolamu ya puani, miligramu 0.2 kwa kilo, na diazepamu ya mshipani kwa watoto wenye mtikisiko wa homa. Ile ya puani ilituliza mitikisiko 23 kati ya 26, ya mshipani 24 kati ya 26. Ukihesabu tangu dawa iingie mwilini, diazepamu ilikuwa na kasi zaidi. Ukihesabu tangu mtoto avuke mlango wa hospitali, pua ilitangulia: dakika 6.1 dhidi ya 8.0, kwa sababu hakuna aliyepoteza muda kutafuta mshipa. Na hiyo ilikuwa hospitali yenye wauguzi wa kutosha.

Ushahidi wa jirani upo pia. Blantyre, Malawi, watoto 160 wenye mtikisiko wa muda mrefu waligawanywa: nusu wakapuliziwa lorazepamu puani, nusu wakachomwa paraldehaidi msulini, zote mbili dawa za kutuliza mtikisiko. Katika dakika 10 ile ya puani ilikuwa imewatuliza asilimia 75, ya sindano asilimia 61. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba si bahati tu, lakini paraldehaidi inayeyusha mabomba ya plastiki na inauma vibaya. Dawa isiyo na sindano ikiwa sawa nayo tu, tayari ni bora. Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 330 walipewa midazolamu kati ya shavu na ufizi au diazepamu kwa njia ya haja kubwa: midazolamu ilishindwa kwa asilimia 30, diazepamu kwa asilimia 43. Tofauti kubwa ilikuwa kwa wasio na malaria. Mtoto mwenye malaria ya kichwani hutikisika kwa sababu ambazo dawa hizi peke yake haziziondoi, jambo ambalo halipaswi kusahaulika kwenye furaha ya kipulizaji.

Kati ya lorazepamu na midazolamu, kwa mazingira yetu naichagua midazolamu bila kusita. Lorazepamu ya ampuli inataka friji. Midazolamu inakaa kabatini. Tena ina tabia inayokumbusha ugoro: ndani ya ampuli imewekwa kwenye tindikali ya takriban pH 3 ili iyeyuke kwenye maji, na ikikutana na utando wa pua wenye tindikali ndogo zaidi, molekuli inajifunga, inakuwa ya mafuta, na inapenya. Ile tindikali ndiyo inayowasha pua kwa muda mfupi na kutoa machozi kwa mgonjwa aliye macho. Asiyejitambua hatalalamika.

Kinachoharibu kazi ni ujazo. Nayzilam ina miligramu 5 kwenye mililita 0.1, yaani mkusanyiko mara kumi ya ampuli kali tuliyonayo. Pua inapokea vizuri mililita 0.2 hadi 0.3 kila tundu. Mililita 1 ni ukomo, na kinachozidi kinatiririka kooni. Chukua mtoto wa kilo 15. Anahitaji miligramu 3. Kwa ampuli ya miligramu 5 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.6, nusu kila tundu, sawasawa. Kwa ampuli ya miligramu 1 kwa mililita ni mililita 3, na hapo umemnywesha mtoto asiyejitambua, pengine umemzamisha. Ampuli zote mbili zinaweza kuandikwa "5 mg" kwa herufi kubwa: moja ina mililita 1, nyingine mililita 5. Ile ya mililita 5 ibaki chumba cha upasuaji, isisogezwe kwenye trei ya dharura.

Kifaa ni kichwa kidogo cha kupulizia ukungu, kinachofungwa kwa kuzungushwa kwenye bomba la sindano baada ya kutoa sindano yenyewe. Ndani yake hubaki karibu mililita 0.1 ambayo haitoki, kwa hiyo huongezwa wakati wa kuvuta dawa; kwa mtoto mdogo wa kilo 5, anayehitaji mililita 0.2, kusahau kiasi hicho ni kumpa nusu ya dozi. Safisha kwanza kamasi au damu, maana dawa inayotua juu ya kamasi haijafika kwenye utando. Mtoto alale chali, kichwa kikiwa sawa, mkono mmoja ukikishika nyuma. Ziba tundu kwa kile kichwa laini cha kifaa, elekeza juu kidogo na nje, kuelekea ncha ya juu ya sikio la upande huohuo. Ukielekeza katikati unapiga ukuta unaogawa pua, na utaona damu. Kisha sukuma kwa nguvu na kwa haraka. Mkono wa polepole hautoi ukungu, unatoa matone, na matone humezwa. Hamia tundu la pili, maliza, mgeuze mtoto alale ubavu.

Subiri. Mtikisiko hukoma mara nyingi ndani ya dakika 3 hadi 5. Usipokoma baada ya dakika 10 dozi ya pili inaruhusiwa, lakini si ya tatu, kwa sababu dawa za jamii hii hupunguza pumzi, na hatari huongezeka kwa kila dozi, ikiwemo diazepamu aliyopewa njiani. Mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya saizi ya mtoto uwe mezani kabla ya dawa kutoka kwenye ampuli. Pasipo na mfuko huo, wala mtu anayeujua, dawa hii isitolewe. Sukari ipimwe palepale: ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, ndiyo tiba yenyewe. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 ana mpango wake, unaoanza na fenobabitali.

Kama kichwa cha kupulizia hakipo, usidondoshe matone puani ukidhani ni kitu kilekile. Bora dawa iwekwe kidogo kidogo kati ya shavu na ufizi, kama walivyofanya Mulago. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja midazolamu kwa njia hiyo, na inaruhusu ampuli itumike pale dawa maalumu ya mdomoni inapokosekana.

Hesabu hizohizo za ujazo zinahusu naloksoni, dawa inayomrudisha aliyezidiwa na heroini. Pwani yetu ina tatizo hilo tangu muda mrefu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011. Ampuli ya kawaida ya naloksoni ina miligramu 0.4 kwa mililita. Kuifikia dozi ya kipulizaji cha miligramu 4 kungehitaji mililita 10 puani, jambo lisilowezekana. Ampuli hiyo ni ya msuli au mshipa, na hivyo ndivyo itumike hadi vipulizaji vyenyewe vifike.

Kwa midazolamu hakuna cha kusubiri kutoka maabara. Mfamasia wa wilaya anapoandika oda kwa MSD au KEMSA, bohari za dawa za serikali za Tanzania na Kenya, asiandike "midazolamu" tu. Aandike miligramu 5 kwa mililita 1, na vichwa vya kupulizia vyenye kufungwa kwa kuzungushwa, idadi sawa na ampuli. Ndani ya mlango wa kabati libandikwe jedwali la uzito, kwa herufi zinazosomeka usiku kwa taa ya simu: kilo 5, mililita 0.2, kilo 10, mililita 0.4, kilo 15, mililita 0.6, kilo 20, mililita 0.8, kilo 25, mililita 1, kuanzia kilo 50, mililita 2 na usizidishe. Nusu kila tundu. Ongeza mililita 0.1 mara moja tu, unapovuta dawa.